Binti yangu ndiye mhusika mkuu wa igizo la mahafali, lakini kwenye chakula jina lake halimo

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza chakula stendi katika mji mdogo mkoani Tanga, ule aina ya mji ambao abiria wa basi huumaliza kwa kuuangalia dirishani. Baba yao yuko kwenye shamba la mkonge, anarudi mwisho wa mwezi. Binti yangu mkubwa anasoma kidato cha nne katika shule ya serikali hapa hapa mjini, na mwezi huu wa kumi wana mahafali.

Tangu mwezi wa saba klabu yao ya sanaa inafanya mazoezi ya igizo ambalo wamelitunga wenyewe. Binti yangu anacheza bibi kizee ambaye wanawe wanataka kuuza shamba la familia kwa mfanyabiashara, na bibi mwenyewe bado yu hai. Hapa kwetu habari ya shamba kuuzwa kinyemela kila ukoo unayo, kwa hiyo igizo limeanza kusemwa kabla halijaonyeshwa. Wateja wangu wananiambia, "Mama, tumemsikia mwanao anavyokohoa, utadhani ana miaka tisini." Nyumbani anatembea ameinama, baba yake akipiga simu anamwita "mwanangu" kwa sauti ya kizee, mdogo wake anacheka mpaka anakaa chini.

Sasa tatizo. Kikao cha wazazi kilipanga kila mwanafunzi achangiwe shilingi 70,000: joho la kukodi, chakula, keki, maturubai, muziki, picha na zawadi ya mgeni rasmi. Mimi sikuwepo kikaoni, ilikuwa siku ya gulio, na gulio ndilo linalonilipia kodi ya chumba. Mpaka leo nimetoa 35,000, nayo nimeichanga kidogo kidogo.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati ya mahafali alituma kwenye grupu la wazazi la WhatsApp orodha ya "ambao hawajakamilisha". Binti yangu ni namba tatu. Chini ya orodha akaandika kwamba ambaye hatakamilisha mpaka Ijumaa, mwanawe hatavaa joho, na wakati wa chakula atasubiri darasani "ili kuepusha usumbufu". Siku mbili baadaye mwenyekiti huyo huyo akanipigia simu, kwa adabu zote, akaniomba niwe miongoni mwa akina mama watakaopika pilau ya wageni kwa sababu "mkono wako tunaujua". Nikajikuta nimesema sawa.

Yaani mimi nipike, mwanangu awachekeshe wageni na kuwaliza, halafu ikifika saa ya kula aende akakae darasani.

Nimemwambia binti ajitoe kwenye igizo. Tena nilitaka ajitoe siku ile ile, mgeni rasmi ameshakaa kwenye kiti chake, waone. Akaniambia, "Mama, niache nicheze. Nikimaliza nitarudi nyumbani nile cha kwetu, usijali." Hilo "usijali" ndilo lililoniumiza kuliko orodha.

Kaka yangu anasema nichukue mkopo kwenye kikoba chetu nimalize deni, aibu iishe. Baba wa binti yeye anasema igizo lenyewe ni kupoteza muda, mtihani ni mwezi wa kumi na moja, na mtoto akishaitwa msanii hashiki tena kitabu. Binti naye anasema akimaliza anataka kwenda kusomea uigizaji. Kila mtu ana lake.

Nimtoe? Nikope? Nikapike au nisiende? Na kuna swali la binti mwenyewe, amenisisitiza nisilisahau: mwaka jana igizo la kaka zao halikusikika kabisa kwa kelele, na kipaza sauti kilikuwa kimoja. Wao wafanyeje?

Mama wa Bibi Kizee, Tanga

JIBU

Marahaba, mama.

Usimtoe. Nalitanguliza hili kwa sababu Ijumaa iko karibu, na hasira hazingoji jibu refu.

Igizo hilo si mali ya kamati. Kamati imekodi maturubai na kupanga viti. Igizo limetungwa na watoto, wamelifanyia mazoezi miezi mitatu, na ukimwondoa bibi kizee siku yenyewe, watakaosimama uwanjani bila la kusema ni watoto wenzake ambao hawajakukosea lolote. Mwenyekiti atakula pilau yake kama kawaida. Tena utakuwa umempa la kusimulia: mnaona wazazi wenyewe walivyo? Adhabu unayoipanga inampita mkosaji inawapiga waliosimama karibu naye.

Lakini mtoto kukaa darasani wenzake wakila, hapana. Hapo nami nimekasirika pamoja nawe. Nimefundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi, nimeona mahafali ya soda moja kwa watu wawili na mahafali ya keki ya ghorofa, na bado sijui ni nani alianzisha hii habari ya kumfungia mtoto darasani kwa sababu ya sahani. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa usile mbele ya mtoto wa mwenzio bila kumpa, leo tunaliandika kabisa kwenye grupu.

Tuanze na mchango wenyewe, maana naona umeuogopa kuliko unavyostahili. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima mashuleni, kwa sababu kuna watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha. Mahafali hayakufa kwa hilo, na mimi sikutaka yafe. Ila kwenye shule nyingi sasa yanabebwa na kamati za wazazi, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika: kamati haina mamlaka ya shule, lakini inatoa amri kwa sauti ya shule. Darasa ni la nani? Nani anaweza kumwamuru mwanafunzi akae darasani? Mwalimu. Mwenyekiti wa kamati ni mzazi mwenzako aliyekabidhiwa daftari. Anaweza kukuomba, kukukumbusha, hata kukununia. Kumpangia mwanao pa kukaa ndani ya uwanja wa shule si kazi yake.

Na endapo kuna aliyekutisha kuhusu cheti au mtihani, maana vitisho hivyo huwa vinafuata: karatasi wanayopewa watoto siku ya mahafali si cheti cha Baraza la Mitihani. Cha Baraza hutoka baada ya mtihani na matokeo, nacho hakijui habari za keki. Binti yako ameshasajiliwa, atafanya mtihani wake Novemba, na deni la turubai haliwezi kumzuia. Hilo liweke pembeni, lisikunyime usingizi.

Sasa kazi ya wiki hii.

Usijibu kwenye grupu. Huko mwenyekiti ana watazamaji, na mtu mwenye watazamaji harudi nyuma. Nenda kwa mwalimu mlezi wa klabu ya sanaa. Huyo ndiye mwenye cha kupoteza kuliko wote, kwa sababu amejitolea jioni zake na bila bibi hana igizo. Mwonyeshe ujumbe wa mwenyekiti ulivyoandikwa, neno kwa neno. Inawezekana kabisa hajauona, walimu wengi wanakaa mbali na magrupu ya wazazi na siwalaumu. Kisha muende wote wawili kwa mkuu wa shule, asubuhi baada ya paredi, kabla wageni na mafaili havijamzonga. Chukua risiti zako, au zile jumbe za miamala kwenye simu kama ulituma kwa simu.

Ukifika, usijieleze sana. Sema hivi: "Mkuu, nimechangia 35,000. Iliyobaki sina kwa sasa. Mwanangu ataigiza mbele ya wageni wa shule. Nimekuja kuuliza kama ni shule iliyoamua kwamba wakati wa chakula akae darasani." Ukishauliza, nyamaza. Mwache ajibu yeye. Mkuu wa shule hapendi kuitwa mwenye uamuzi wa namna hiyo, hasa akikumbuka kwamba siku hiyo atakaa meza moja na diwani au afisa elimu. Nina imani atasema hakuna uamuzi kama huo, na akishasema mbele ya mwalimu mlezi, mwombe kwa upole awaeleze kamati yeye mwenyewe. Usiwe wewe wa kupeleka ujumbe.

Kuna jambo moja nakusihi ulishike. Usiende kulia hali. Ukilia hali watakuonea huruma, watasema basi huyu wa igizo tumsamehe, nawe utatoka umefurahi. Lakini binti yako ni namba tatu kwenye orodha. Kuna namba moja na namba mbili, na waliofuata baada yake. Hao hawaigizi, hawana mwalimu atakayewasindikiza ofisini, na pengine wazazi wao hawana hata simu ya kuonea kwamba majina yao yamebandikwa. Ukipewa msamaha wa mtu mmoja, darasani watakaa wao, na binti yako atakula akijua walipo. Kwa hiyo uliza kwa ajili ya orodha nzima: watoto wote wale, ya joho yazungumzwe baadaye.

Kwa sababu chakula na joho ni vitu viwili, nao kamati wamevifunga fundo moja makusudi. Omba mchanganuo wa hiyo 70,000. Ni haki ya kila aliyechangia, hata aliyetoa nusu. Wewe ni mpishi, hakuna wa kukudanganya: unajua kilo ya mchele inalisha watu wangapi, nyama inakatwaje ili itoshe, kachumbari inagharimu nini ukinunua nyanya siku ya gulio. Piga hesabu ya sahani moja na chupa moja ya soda, uiweke mbele yao. Naamini utakuta 35,000 uliyotoa imeshamlisha mwanao na ikabaki. Kinachodaiwa ni joho, muziki, keki na zawadi ya mgeni rasmi. (Hiyo zawadi ya mgeni rasmi nayo, basi tu. Anaalikwa ili aisaidie shule, halafu anaondoka amebeba kinyago kilichonunuliwa na mama anayeuza chapati.)

Kuhusu joho, muulize binti kwanza. Usimwamulie kwamba si kitu. Sisi watu wazima tunajua joho la mahafali ni la kukodi, linavaliwa saa chache na kurudishwa, lakini picha ya siku hiyo itakaa ukutani miaka mingi na yeye ndiye atakayeitazama. Akisema analitaka, hiyo ndiyo sehemu ya kutafutia fedha, na ni ndogo kuliko deni zima. Anayekodisha majoho mjini kwenu anajulikana, muulize bei ya joho moja bila kupitia kamati. Akisema halitaki, shati jeupe lililopigwa pasi linatosha, na vitenge vya bibi kizee anavyo tayari.

Kaka yako mwambie asante kwa ushauri. Mkopo wa kikoba ni wa mtaji: unakopa, unanunua mchele, unauza, unarudisha na riba. Pilau ya mahafali haikurudishii kitu. Ukikosa rejesho, watakaokudai ni wanawake unaokaa nao kila wiki, na aibu hiyo ni kubwa kuliko ya orodha. Ila huyo kaka si ndiye mjomba wa mtoto? Basi badala ya kushauri ukope, aombwe atoe joho kama zawadi ya mjomba. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Upishi. Umeshasema sawa, na sikushauri urudi nyuma, lakini sawa yako haikuwa na bei na sasa iwe nayo. Mpishi wa shughuli hulipwa, mjini kwenu kama kwingine. Siku hiyo utafunga biashara, utaamka usiku, utashinda kwenye moshi. Mpigie mwenyekiti, kwa adabu kama aliyokupigia nayo: "Nitakuja kupika. Naomba siku yangu ya kazi iandikwe kwenye daftari kama mchango wangu." Taja kiasi unachoingiza siku ya kawaida, usiongeze wala usipunguze. Akisema akina mama wengine wanajitolea, mwambie nao waandikwe. Na umtake jibu kabla ya siku yenyewe, kwa ujumbe wa maandishi. Ukishabandika sufuria jikoni huna tena nafasi ya kujadiliana, mchele hausubiri kikao.

Je, mkuu wa shule akikukatalia? Sioni kama atafanya hivyo, lakini tuseme. Ngazi inayofuata ni afisa elimu kata, halafu ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri. Ikiwa muda umekwisha, usipike hiyo pilau. Pika yako. Kubalianeni wazazi wa kwenye orodha, kila mmoja na alicho nacho, wali maharage, ndizi, chochote. Tandikeni mkeka chini ya mti ndani ya uwanja wa shule, mahali pa kuonekana, mle na watoto wenu kwa furaha. Bila kelele na bila mabango. Anayepita aulize mwenyewe.

Hayo yote, mwambie binti kabla hujayafanya. Watoto wa umri huo hawaogopi njaa, wanaogopa mama kuja kufoka mbele ya wenzao. Ile "usijali" yake nadhani nusu ni kukuhurumia na nusu ni kukuomba usimwaibishe. Mwambie unaenda kwa nani, utasema nini, na kwamba hutapaza sauti. Halafu mwambie kwamba hatarudi kula nyumbani peke yake siku hiyo.

Baba yake ana hoja, ila ni nusu. Mtihani ni Novemba, kweli, na mazoezi ya igizo yanakwisha yenyewe siku ya mahafali, kwa hiyo anachokipigia kelele kina wiki chache tu. Na akumbuke kwamba kwenye mtihani wa Kiswahili kuna fasihi, na ndani ya fasihi kuna tamthiliya. Mtoto aliyekaa miezi mitatu akijiuliza kwa nini bibi anakataa kuuza, kwa nini mwana wa kwanza ananyamaza, mgogoro unaanzia wapi, hahitaji kukariri maana ya mhusika wala mgogoro. Amevifanya kwa mikono yake.

Kuhusu kusomea uigizaji, si ndoto ya mitaani. Bagamoyo kuna taasisi ya serikali, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kugeuzwa kuwa wakala mwaka 2007, inafundisha maigizo, ngoma, muziki na sanaa nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Ila hakuna hata mlango mmoja hapo unaofunguka bila kuangalia matokeo ya shule. Mweleze baba hivyo, na binti umweleze hivyo hivyo, na utaona kwamba mpaka Novemba iishe wote wawili wanataka kitu kimoja. Baada ya hapo waanze kugombana tena kwa raha zao.

Ninyi wa kamati mnaosoma hapa, sitawahubiria. Najua daftari la michango ni mzigo, najua mwenye turubai anadai malipo ya awali na mwenye muziki hawashi spika bila fedha. Punguzeni muziki. Futeni keki. Orodha ya wadaiwa mpeni kila mzazi yake kwa simu, faraghani.

Na sasa swali la binti, ambalo nalipenda kuliko yote.

Igizo la mahafali linakufa kwa sababu zinazojulikana. Linachezewa nje, juani, mbele ya watu waliokaa tangu asubuhi, na mara nyingi linawekwa mwishoni, harufu ya pilau imeshafika uwanjani. Kwa hiyo jambo la kwanza ni ratiba. Mwalimu mlezi amwombe mshereheshaji igizo liwe kabla ya hotuba ya mgeni rasmi na kabla ya harambee. Mgeni rasmi akishahutubia, nusu ya uwanja inainuka kuondoka.

La pili, waangalie ngonjera zinavyofanya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea mashuleni nchi nzima, na zikasikika bila spika yoyote, kwa sababu msemaji anasimama, anawageukia watu, anasema ubeti wake mpaka mwisho, ndipo mwenzake anajibu. Igizo la mazungumzo lina ugonjwa wa waigizaji kutazamana na kuzungumza kama wako sebuleni. Watazamane kwa macho, maneno wayatume kwa watu wa nyuma kabisa, na asianze mtu kabla mwenzake hajamaliza. Wakianza na wimbo wa kazi wa shambani, wote wakiimba wanaingia, kelele zitapungua zenyewe bila mtu kuomba ukimya.

Kipaza sauti kimoja si tatizo kubwa kwa igizo hili, kwa sababu wana bibi. Bibi akae kwenye kigoda katikati, kipaza sauti kisimamishwe kwenye stendi yake fupi mbele ya kigoda, kisishikwe na mtu. Mtoto wa kiume anayetaka kusema habari ya kuuza shamba lazima amsogelee mama yake na kuinama, kama anavyofanya nyumbani, na akiinama sauti yake inaingia kwenye kipaza sauti. Mfanyabiashara yeye asisogee. Aseme kwa mbali, apaze sauti, watu wamwone asivyo na adabu. Na kikohozi, mwambie apunguze. Kikohozi mara moja ni uzee, mara kumi ni zahanati.

Limebaki la kutuza. Huko kwenu najua watu wakifurahi wanainuka na noti, wanamvisha muigizaji mataji katikati ya maneno yake, wanapiga picha, na kisa kinapotea hapo hapo. Mshereheshaji atangaze mapema kwamba zawadi ni baada ya igizo, na mwanafunzi mmoja asimame pembeni na kapu. Akitokea wa kuvamia, bibi asimame kimya, asitabasamu wala asishukuru, angoje atoke, ndipo aendelee na neno lilelile alilokatizwa. Na wewe mama, utakapokuwa umetoka jikoni na kanga yako ya moshi, noti yako ishike mkononi mpaka shamba lijulikane limeuzwa au halikuuzwa.